Masika ya Kikohozi cha Baba

Jumamosi, 1 Machi

Wifi Lilian amefika leo kutoka Mbeya, na mvua imeingia nyuma yake kama vile wamepanda gari moja. Ni mke wa kaka Ambwene. Kaka yuko Katavi kwenye ujenzi wa barabara, na mama yake Lilian alishafariki, kwa hiyo mtoto atazaliwa kwetu hapa Ikuti. Ameshuka na mabegi matatu, kucha nyekundu, na kicheko kinachosikika mpaka kwa jirani. Ameniita "wifi yangu kipenzi" kabla sijamtajia jina langu. Nikachanganyikiwa nikamwamkia mara mbili, akacheka zaidi. Sidhani kama amewahi kumaliza kitabu.

Jirani yetu Mama Winfrida alikuja "kusalimia tu". Alimtazama Lilian kifuani, maana kifua chake ni kikubwa kweli, akamwambia mama kwa Kinyakyusa kwamba huyo mtoto akizaliwa atafunikwa kama kifaranga chini ya tenga. Wakacheka wote wawili. Lilian hajui Kinyakyusa, akacheka nao.

Hawa ndio wanaoimba kwaya.

Jumapili, 2 Machi

Nieleze jambo hili leo, kwa sababu nikija kulisoma nikiwa mtu mzima nitadhani niliota. Kwetu mwanamke na baba mkwe wake hawaonani. Akimwona njiani anaingia kwenye migomba. Hawali pamoja, hawatazamani usoni, hawalali chini ya paa moja. Mjini Tukuyu wengi wameacha, wanapiga hata picha wamekumbatiana. Baba hajaacha. Baba ni mzee wa kanisa, ana simu ya kupangusa, anasikiliza taarifa ya habari na kubishana nayo, lakini kwa jambo hili yeye na babu yake ni mtu mmoja.

Kwa hiyo Lilian halali nyumbani. Analala na mimi kwenye stoo iliyounganishwa na jiko, ng'ambo ya ua, pamoja na mikungu ya ndizi, magunia, na bati linalovuja juu ya kitanda. Njia ya kwenda chooni na kwenye banda la ng'ombe inapita mlangoni mwa jiko, na baba anaipita mara nyingi kwa siku. Akikaribia anakohoa. Haumwi. Anakohoa ili Lilian ajifunike khanga kichwani, aingie ndani na kugeukia ukuta. Baba akishapita, Lilian anarudi.

Mama anasema wanaume wengine hawajali hata kukohoa, wanajitokeza tu. Nilijisikia fahari kidogo kwamba baba anakohoa.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Mtihani wa Kemia. Viatu havijakauka tangu Jumatatu.

Alhamisi, 13 Machi

Amezaliwa jana, mvulana. Baba amempa jina Alinanuswe na kulituma kupitia mama, kama mtu anavyotuma chumvi.

Ijumaa, 14 Machi

Leo nimeona kunyonyesha kwa karibu. Nilikuwa najiuliza niandikeje, halafu nikakumbuka kwamba kitabu cha Baiolojia kimeandika matiti, kimechapishwa, na mwandishi hakufungwa.

Matiti ya Lilian ni makubwa na sasa yamejaa. Moja ni kubwa kuliko kichwa cha mtoto. Anakaa kwenye kigoda karibu na mlango, kwa sababu ndani ya jiko kuna moshi unaotoa machozi, na jiko letu halina pa kutokea moshi isipokuwa mlango huo huo. Kigoda hakina mgongo. Mkono mmoja ameshika ziwa, mwingine ameshika mtoto, na yeye amejikunja juu yake kama mtu anayepalilia. Hana mkono wa tatu wa kujifuta jasho. Mama anasimama pembeni akisema, "Angalia pua! Unamziba pumzi!" Kisha anainama na vidole vyake viwili kama mkasi, anabana, chuchu inachomoka, maziwa yanaruka kwenye jicho la mtoto, mtoto analia.

"Wifi," Lilian akaniambia, "huyu bwana ananyonya kama anakimbizwa na polisi."

Nilicheka. Nilipomtazama tena nikaona ameng'ata upindo wa khanga.

Jumatatu, 17 Machi

Wageni. Wanaleta ndizi, mayai na ujinga.

Mama Winfrida: maziwa makubwa ni mafuta tu, ndani hamna kitu. Mke wa mwinjilisti: maziwa makubwa yana maziwa mengi mno, mtoto atapaliwa. Walikuwa wamekaa benchi moja, wakisemeana hivyo, na kila mmoja akamwitikia mwenzake "kweli kabisa". Mama mmoja wa jumuiya, simjui jina, alimwinua Lilian ziwa kwa kiganja kama anakadiria uzito wa parachichi sokoni, bila kuomba. Lilian akasema, "Karibu, mama, na lingine hili hapa." Yule mama hakuelewa kwamba ametukanwa.

Nilianza kumpenda Lilian dakika hiyo. Naandika ili isemwe.

Jumatano, 19 Machi

Goti la mama linamsumbua kwa baridi, kwa hiyo mimi ndiye niliyemsindikiza Lilian zahanati. Nimekosa Jiografia na sijutii.

Mtoto amepungua. Nesi anaitwa Safina, ni mama wa makamo mwenye hijabu ya bluu na sauti ya chini. Alisema kupungua mwanzoni ni kawaida, lakini huyu amepungua kupita alivyotaka, basi tuone anavyonyonya. Lilian akajikunja vile vile alivyozoea. Nesi akamwacha kidogo, akauliza, "Mgongo unauma?"

"Unauma."

"Na shingo?"

"Na shingo. Na hapa chini ya ziwa pananiwasha, pamechubuka."

"Sasa mbona hukusema?"

"Nimwambie nani?" akasema Lilian, na alikuwa hacheki.

Nesi alimkalisha kwenye kiti chenye mgongo na mikono, akamwekea mto ubavuni. "Ziwa lako liache likae linapopenda kukaa lenyewe," alisema. "Halafu mlete mtoto pale lilipo. Usilibebe ukampelekea." Alikunja taulo akaliingiza chini ya ziwa, ziwa likapumzika juu yake, na mkono wa Lilian ukabaki huru. Alimweka mtoto kwapani, miguu imeelekea mgongoni kwa mama yake, kichwa kwenye kiganja, kama mwanafunzi aliyebana begi. Akamwonyesha namna ya kushika: kiganja chini, kidole gumba juu, mbali na chuchu, kama unavyoshika bakuli. "Vidole vya mkasi vinabana njia. Kidevu kiguse kwanza, mdomo ufunguke kama anapiga miayo, pua itajitafutia nafasi yake."

Nikauliza kama ni kweli kwamba maziwa makubwa hayana maziwa. Nilishangaa kusikia ni mimi ninayeuliza. Nesi akacheka. "Ukubwa ni mfuko tu. Hayapimwi kwa macho." Akasema chini ya ziwa pakaushwe kila mara, aweke kitambaa safi cha pamba, upele ule ni wa unyevu. Sidiria iwe na mikanda mipana, isibane. Na jambo la mwisho alilirudia: mtoto amalize mwenyewe. Maziwa ya mwanzo yanamkata kiu, ya mwisho ndiyo yanamnenepesha. Asitolewe.

Mtoto alinyonya. Nilisikia akimeza. Lilian aliegemea kiti, akafumba macho, na uso wake ukawa wa mtu mwingine, mtu ambaye nilikuwa sijamwona.

Alhamisi, 20 Machi

Nilimwomba mama mito miwili ya makochi ya sebuleni na kiti kimoja chenye mikono. Alinitazama kama nimeomba msalaba wa kanisani. "Mkwe akalie kiti cha baba yako? Na kesho baba yako akae wapi?"

Tumetumia nusu gunia la maharage ubavuni na gunia la mahindi mgongoni. Inawezekana. Lilian anasema amekuwa ghala la taifa.

Jumapili, 23 Machi

Jua, la kwanza tangu nisijue lini. Baba kashinda kwenye chai. Mtoto kanyonya vizuri, kalala, kakojoa nepi nyingi. Nimezianika zote nje.

Jumanne, 25 Machi

Mvua. Nepi zote jikoni juu ya moto. Tunanuka kama samaki wa kukaushwa.

Jumamosi, 29 Machi

Shule imefungwa kwa likizo fupi. Mvua imeshika tangu juzi bila kupumua, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, na hakuna wa kuchuma chai. Baba yuko nyumbani siku nzima. Mtu asiye na kazi ana safari nyingi: banda la ng'ombe, chooni, kuangalia mfereji, kurudi kuchukua koti, kwenda kuangalia mfereji ule ule.

Nimekaa jikoni na kitabu cha Historia. Sikusoma. Nilimtazama Alinanuswe, na nimegundua kitu.

Anaanza kwa haraka, mafunda madogo madogo. Baada ya muda anapunguza. Anavuta polepole, kwa kina, unasikia "kh" ndogo ya kumeza, na ngumi zake zinaanza kulegea. Ndicho alichokuwa anasema nesi Safina: hapo ndipo anaposhiba. Na kila anapofika hapo, koho! Baba anatoka chooni. Lilian anaingiza kidole mdomoni mwa mtoto, anamchomoa, anavuta khanga kichwani, anaingia stoo na kugeukia ukuta, huku maziwa yanamtiririka mpaka kwenye miguu. Gunia la maharage linaanguka. Baba anapita, viatu vyake vinasema chwa, chwa, chwa, taratibu, kwa sababu mtu mwenye heshima hakimbii. Lilian anarudi, anapanga magunia upya, mtoto ameshakasirika, anabana midomo. Anaanza mafunda madogo. Akifika kwenye polepole, koho! Baba anarudi.

Nilijaribu kuhesabu nikaacha.

Lilian alipokuwa amegeukia ukuta kwa mara sijui ya ngapi, nilimwuliza, "Hukasiriki?"

"Wifi, baba mkwe wangu ananiheshimu," alisema kwa ukuta. "Wenzangu wanatukanwa."

Kwa hiyo ndiyo hivyo. Baba anamheshimu mkwewe mpaka mjukuu wake anakonda.

Jumanne, 1 Aprili

Mvua. Koho.

Jumatano, 2 Aprili

Mizani: mtoto bado hajarudia uzito aliozaliwa nao. Nesi hakutugombeza, ingawa angetugombeza ingekuwa afadhali. Aliuliza kama anamaliza mwenyewe. Lilian alisema ndiyo. Nilimkanyaga mguu, naye akanikanyaga wa kwangu. Njiani nikamwuliza kwa nini amedanganya.

"Nimwambie nini? Kwamba namtoa mtoto kwa sababu mkwe wangu anapita? Yule mama atanicheka, halafu atamcheka baba yako."

Tulirudi chini ya mwavuli mmoja. Mtoto alikuwa mwepesi sana mgongoni kwake.

Alhamisi, 3 Aprili

Leo ni ndefu.

Shangazi Atuganile amekuja kutoka Isongole. Ni dada mkubwa wa baba. Analima viazi, amelea watoto saba, na hukumbusha idadi hiyo kila anapokohoa, anapokunywa chai na anapoombwa kupisha njia. Alimfungua mtoto nepi, akamshika paja, akasema, "Gwe! Hii ni miguu ya jogoo."

Kisha akatoa hukumu. Lilian ana matiti ya kuonekana tu. Maziwa yake ni maji. Mtoto apewe uji mwepesi na maziwa ya ng'ombe. Mama akaitika. Mama, ambaye mimi mwenyewe nilimweleza yote aliyosema nesi, akachukua kijiko. Nilisema, "Nesi amekataa uji." Nilisema kwa sauti niliyonayo, ambayo ni ya kuombea kalamu darasani. Hakuna aliyegeuka. Mtoto alipewa vijiko viwili, akatapika kimoja kwenye sketi ya shangazi. Huyo ndiye mwenye akili pekee katika ukoo huu.

Lakini hilo halikuwa kubwa. Kubwa ni kwamba shangazi ana ng'ombe aliyezaa karibuni. Ameamua kumchukua Alinanuswe Isongole. "Nikae naye mpaka apate nguvu. Miezi mitatu, minne. Lilian atabaki hapa apumzike, anyweshwe supu, maziwa yakauke yenyewe." Atakuja Jumamosi na bodaboda. Mtoto wa wiki tatu, kwenye bodaboda, kwenye mvua, kwenye baridi ya Isongole, akalelewe kwa chupa! Na mama akasema, "Ndaga fijo, wifi yangu," akamshukuru. Walipanga yote mbele ya Lilian kama vile ni gunia la tatu.

Lilian alimpigia kaka Ambwene. Aliweka sauti kubwa ili nisikie, nadhani alitaka shahidi.

"Shangazi anajua, mke wangu," alisema kaka. "Amelea saba."

"Ambwene, mwanao ana mama."

"Sijasema hana. Nasema usikilize wakubwa. Kwanza dume langu halijambo?"

Lilian akakata. Dume lako, kaka, lina miguu ya jogoo, na wewe una kichwa chake.

Baadaye alikaa kitandani, chini ya bati linalovuja, mtoto amelala mapajani. Khanga yake ilikuwa imelowa kifuani pande zote mbili. "Wifi," aliniambia, "mimi nina maziwa. Yanamwagika. Nguo zangu zote zinanuka maziwa. Halafu watu wananiambia usoni kwamba sina." Alikuwa haongei kama mtu anayelalamika. Aliongea kama mtu anayetaka kueleweshwa hesabu. "Akienda kule atasahau kunyonya. Nikimpata tena, hatanijua."

Kwenye nyumba hii ni mtu mmoja tu anayeweza kumkatalia shangazi. Na mtu huyo sijawahi kumwambia zaidi ya "shikamoo baba" na "ndiyo baba".

Ijumaa, 4 Aprili

Nimesema.

Baba alikuwa kwenye banda la ng'ombe anashona tenga la chai. Nilisimama nje kwenye matone mpaka nikaona aibu ya kusimama imezidi aibu ya kuingia.

"Baba."

"Mm."

"Nina neno."

"Sema."

Nilikuwa nimepanga kuanza na lishe ya mtoto mchanga kwa ujumla. Badala yake nikasema, "Mtoto hashibi kwa sababu unakohoa."

Sindano ikasimama. Nikaendelea haraka, nikitazama kwato za ng'ombe. Nilimweleza mafunda madogo, kisha yale ya polepole, na kwamba akifika pale yeye anapita, na Lilian anamtoa mtoto ili ajifiche, na wakirudi mtoto anaanza upya. Kwamba maziwa yapo tele. Kwamba matiti ya Lilian hayana kosa. Nililitaja neno matiti mbele ya baba yangu mzazi na banda halikuanguka.

"Mimi nakohoa kwa heshima," alisema baba.

"Ndiyo baba."

"Ningepita kimya ungesema nini?"

"Sijui, baba. Lakini mtoto hajui heshima. Anajua ametolewa tu."

Akavuta uzi kwenye tenga. Ng'ombe akajikuna kwenye nguzo. Kisha akauliza, "Nani amekutuma? Yeye?"

"Hapana. Hajui kama niko hapa."

"Mama yako?"

"Hapana."

"Mwalimu wenu? Huyo nesi?"

Aliwataja wote isipokuwa mimi. Inaonekana kuna watu wengi ambao wangeweza kufikiri kwa niaba yangu.

"Ni mimi, baba."

"Tulia," alinitaja jina, kama analisoma kwenye kitambulisho cha mtu. Kisha: "Nenda kaoshe vyombo."

Nikaenda kuosha vyombo. Nilivunja sahani moja. Nimemdharau baba na ninamwogopa, na leo nimejua kwamba mambo hayo mawili yanaweza kukaa kwenye kifua kimoja bila kugombana. Kesho shangazi anakuja.

Jumamosi, 5 Aprili

Asubuhi baba alitoka nyumbani na blanketi begani, redio mkono mmoja, Biblia mkono mwingine. Alisimama katikati ya ua, mvua inamnyeshea, akakohoa kikohozi kirefu kuliko vyote, akasubiri mpaka Lilian afike ukutani. Kisha akamwambia mama, kwa sauti ya kusikika ndani:

"Mimi nahamia humo. Yeye aingie nyumbani, akae kwenye kochi. Mimi njia yangu itapita nyuma, kwenye migomba."

"Jikoni?" alisema mama. "Wewe?"

"Kwani mnaopika humo ni nani? Si watu?"

Tukabadilishana. Lilian alizungushwa nyuma ya nyumba amejifunika khanga kama bi harusi, mimi nimembeba mtoto, mama amebeba mabegi huku akiomba Mungu. Baba akaingia stoo na mikungu ya ndizi. Nilimkalisha Lilian kwenye kiti chenye mgongo na mikono. Mto ubavuni, taulo chini ya ziwa, mtoto kwapani. Kidevu, mdomo, pua. Akaegemea. Alinanuswe akaanza haraka, akapunguza, akaingia kwenye polepole, na hakuna aliyekohoa. Tulingoja wote watatu, hata mama, tumezoea vile. Hakuna kitu. Mvua tu juu ya bati. Ngumi zake zilifunguka, vidole kimoja kimoja. Akanyonya mpaka akaachia mwenyewe, mdomo wazi, tone la maziwa kidevuni, kama mzee aliyesinzia kwenye ibada.

Lilian alilia hapo. Si kabla.

Shangazi alifika saa nne, amevaa koti la mtumba na mbeleko mpya mkononi. Alikwenda moja kwa moja jikoni, kama kila mtu, akamkuta kaka yake kwenye kigoda ana redio.

"Gwe Meshaki! Umefukuzwa?"

"Nimehama."

"Mwanaume? Jikoni? Watu watasemaje?"

"Watasema yuko jikoni."

"Mtoto yuko wapi? Bodaboda inaningoja."

"Dada, mtoto haendi."

"Nimelea saba mimi!"

"Najua. Huyu ana mama yake anamlea."

Shangazi alikuja nyumbani, akamtazama Lilian kwenye kile kiti, akatazama taulo na mito, akasema kwamba siku hizi kunyonyesha kumekuwa kama kwenda saluni. Kisha akala mbalaga, ndizi zetu za kupika, sahani mbili na kuondoka na mbeleko yake. Hakuiacha hata kama zawadi.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua. Mtoto ananyonya. Upele wa Lilian unakauka, na nepi tunazianika sebuleni kwenye picha ya harusi ya baba na mama.

Jumatano, 9 Aprili

Mizani imepanda, na nesi Safina alimwangalia Lilian, akaniangalia mimi, hakuuliza. Alisema tu, "Endeleeni hivyo hivyo." Shangazi alipopigiwa simu alisema anamshukuru Mungu, vile vijiko viwili vya uji vimefanya kazi.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Habari imefika kanisani. Baada ya ibada baba alizungukwa kwenye ukumbi wa mbele, akapigwa mabega. Mwinjilisti alimtaja wakati wa matangazo: mzee wetu amewaachia nyumba mkwe na mjukuu, yeye analala stoo, ni mfano wa upendo. Watu wakapiga makofi. Mama Winfrida alifuta machozi, yule yule wa tenga. "Mwanaume kama huyu hazaliwi tena!"

Lilian alikaa kwenye stoo ile ile, kwenye kigoda kile kile, chini ya bati lile lile, na kidonda cha kuzaa, na mtoto. Sikumbuki makofi. Nilimwangalia baba akipokea mikono, macho yake mekundu kwa moshi, na nilitaka kupanda kwenye benchi niseme. Sikupanda. Nilisema neno langu moja kwa mwaka huu na inaonekana limechoka.

Lakini nikiri kitu, kwa sababu nataka kuandika kweli. Wakati wanamsifu, baba hakutabasamu. Alisema, "Acheni." Alisema mara mbili. Walidhani ni unyenyekevu.

Jumatano, 23 Aprili

Alinanuswe ana kidevu cha pili. Lilian amejifunza kumnyonyesha amelala ubavu, ziwa limepumzika juu ya godoro, mtoto kando yake, wote wawili wanakoroma. Amepaka kucha rangi tena. Anasoma riwaya yangu ya pili, na ya kwanza ameimaliza kabla yangu.

Jioni nilimpelekea baba chakula jikoni. Moto ulikuwa unakataa, kuni mbichi. Alikuwa anakohoa, na safari hii hapakuwa na mkwe wa kuonywa. Alikuwa anakohoa kweli. Alipopata pumzi aliniuliza, "Moshi huu. Alikuwa anakaaje humu?"

"Alikuwa anakaa, baba."

Nikaweka sahani, nikatoka.

Jumamosi, 26 Aprili

Fundi Godwin amekuja leo na nyundo. Baba amempa kazi ya kutoboa dirisha kwenye ukuta wa jiko, kubwa, na kutengeneza pa kutolea moshi, na kubadilisha bati la stoo. Baba alikaa humo wiki tatu.

Mama amepika humo tangu alipoolewa. Ametuzaa sisi wote huku anapika humo. Macho yake yalianza kumsumbua mimi nikiwa darasa la tatu, na tulidhani ni uzee.

Matofali yalipoanguka mvua ilikuwa imekata kidogo. Mama aliingia kufagia vumbi, akasimama. Kumbe ukuta ule alioutazama miaka yote hiyo ulikuwa umeelekea mlima. Rungwe wote ulikuwa pale, umetoka kwenye ukungu mpaka kileleni, karibu kama kitu unachoweza kukiazima kwa jirani. Kule nyumbani Alinanuswe alikuwa ananyonya, na Lilian alikuwa anamwimbia wimbo wa hovyo wa Mwanjelwa, kule kwao Mbeya.

Nilingoja mama akasirike. Nilikuwa tayari kukasirika naye, nilikuwa na maneno.

"Baba yako ana upendo," alisema. Akachukua mwiko, akageuza sufuria upande wa dirishani.